Jina na Jasho: Baba wa Kichina na Mkahawa Wake Katika Marekani

Katika mji wa San Bruno, kusini ya San Francisco, iko nyumba ya serikali ya Marekani ya kuhifadhia hati za kale. Humo yamo maelfu ya majalada ya Wachina walioingia nchi ile katika zama ambazo mlango wake ulikuwa umefungwa kwao. Wana na wajukuu huenda huko kutafuta habari za wazee wao. Jalada likifunguliwa mbele yao huona picha ya kijana aliyekaza macho, na kurasa nyingi za maswali na majibu zilizopigwa taipu. Si ajabu wakasoma humo majina ya mababu wasiowajua, na ya ndugu ambao hawakupata kuzaliwa. Pengine husoma pia kwamba mtu waliyemwona maisha yake yote mbele ya moto wa jiko alikuwa mfanyabiashara asiyegusa kazi ya mikono. Hati ni halisi na muhuri ni halisi, lakini mtu aliyeelezwa humo siye baba yao.

Jambo hili ni mtihani mkubwa kwa mwanahistoria. Yeye amezoea kuamini karatasi kuliko masimulizi, na kuihesabu kumbukumbu ya watoto kuwa kitu cha mapenzi tu, kifaacho kutuliza moyo lakini kisichofaa kuwa ushahidi. Habari za baba wa Kichina aliyeendesha mkahawa pamoja na jamaa yake huigeuza kanuni hiyo juu chini. Sheria ilimlazimisha baba huyo aandike karatasi zilizokana mambo mawili ambayo mtu hukumbukwa kwayo, nayo ni jina lake na jasho lake. Yakitafutwa leo, hayapatikani kwa hakika katika jalada. Hupatikana kwa wale waliokua jikoni pamoja naye.

Wengi wa baba hao walitoka katika wilaya chache za jimbo la Guangdong, kusini ya Uchina, na hasa katika Taishan, nchi ya vilima vingi na mashamba haba. Habari za dhahabu ya California zilipoenea baada ya mwaka 1848, vijana walikopa nauli wakavuka bahari. Dhahabu ilipopungua wakashika vibarua, na zaidi ya 10,000 kati yao walijenga sehemu ya magharibi ya reli iliyoziunganisha pande mbili za Marekani mwaka 1869. Reli ilipokwisha na maisha yalipokuwa magumu, wafanyakazi wa kizungu waliwatazama watu hao hao kuwa ndio sababu ya ujira kushuka. Sheria ya mwaka 1875 ikatumiwa kuwazuia wanawake wa Kichina wasiwafuate wanaume. Kisha sheria ya tarehe 6 Mei 1882 ikawapiga marufuku vibarua wa Kichina wasiingie nchini, na wale waliokwisha kuwamo ikawanyima uraia. Mwaka 1885, katika machimbo ya makaa ya mawe ya Rock Springs, Wyoming, Wachina 28 waliuawa. Na mwaka huo huo Wachina wa Tacoma walifukuzwa mjini wote pamoja, wakatolewa katika nyumba zao kwa nguvu.

Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Mchina ilifungwa na Bunge, na kila miaka michache ilikazwa zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 1890 ilipata Wachina 107,488 katika Marekani. Ile ya mwaka 1920 ilipata 61,639 tu. Watu wa kabila moja walikuwa wakipungua katika nchi ambayo kabila nyingine nyingi ziliongezeka. Tena waliobaki walikuwa wanaume kwa wingi, na wengi walikuwa na wake Uchina ambao walionana nao mara mbili au tatu katika maisha yao yote.

Yafaa basi kuuliza kwa nini watu hao walishika kazi ya mkahawa. Jibu la haraka ni kwamba Wachina ni mafundi wa chakula, na kila mtu huuza alijualo. Jibu hilo halitoshi. Wengi wao hawakuwa wapishi kwao. Walikuwa wakulima, na upishi waliujifunza ugenini kwa kukosa mke na mama. Walipofukuzwa katika machimbo na viwanda, zilisalia kazi ambazo wengine walizidharau, yaani udobi na upishi, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa kazi za wanawake. Kisha ukazuka mtindo. Tangu miaka ya 1890 watu wa miji mikubwa walianza kupenda chakula kiitwacho chop suey, ambacho jina lake katika lugha ya Taishan maana yake ni vipande vya hiki na hiki vilivyochanganywa. Kilikuwa rahisi, kilikuwa cha moto, na kilipatikana usiku wa manane wakati mikahawa mingine imefungwa.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko zote ilikuwa katika vitabu vya sheria. Sheria ya mwaka 1882 ilifunga mlango kwa vibarua, ikaacha upenyo kwa watu wa namna chache, wakiwamo wanafunzi, walimu na wafanyabiashara. Mfanyabiashara aliweza kwenda kwao na kurudi, na aliweza kumleta mkewe na watoto wake. Mwenye duka alihesabiwa kuwa mfanyabiashara, bali mwenye mkahawa alihesabiwa kuwa kibarua. Mwaka 1915 mahakama iliamua kwamba mwenye mkahawa naye aweza kuwa mfanyabiashara. Kuanzia hapo upenyo ulipanuka kidogo, na watu wakaukimbilia. Katika mji wa New York peke yake, idadi ya mikahawa ya Kichina iliongezeka karibu mara nne kati ya mwaka 1910 na 1920. Jamaa na watu wa kijiji kimoja walichanga fedha, wakafungua mkahawa mmoja, kisha wakapokezana umeneja, kila mmoja mwaka mmoja au zaidi kidogo, ili kila mmoja apate zamu yake ya kuitwa mfanyabiashara na ya kuwaleta watu wake.

Hapo ndipo jasho lilipokanwa. Sheria ya mwaka 1893 ilitaka mashahidi wawili wasio Wachina, waseme kwamba kwa muda wa mwaka mmoja mtu huyo hakufanya kazi ya mikono ila ile isiyoepukika katika biashara yake. Maofisa waliutazama mkahawa kwa jicho kali. Je, bwana huyu amepata kuonekana akiosha sahani? Amepata kuwaandikia wageni meza? Amepata kushika karai? Muuza nyama na muuza mboga, ambao aghalabu ndio walioitwa kuwa mashahidi, iliwapasa kujibu kwamba hawakumwona. Kwa hiyo mtu ambaye mkahawa wake haukuweza kusimama bila mikono yake alilazimika kuificha mikono hiyo. Katika nchi iliyojisifu kwamba inaheshimu mtu wa kazi, Mchina alipata haki ya kuishi na mkewe kwa kuthibitisha kwamba hafanyi kazi.

Jina nalo lilikanwa kwa njia nyingine. Mwaka 1895 mpishi mmoja, Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, alirudi kutoka Uchina akazuiwa bandarini kwa madai kwamba yeye si raia. Kesi yake ilifika katika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1898 majaji sita dhidi ya wawili waliamua kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, hata akiwa mtoto wa Wachina. Hukumu hiyo ilikuwa ushindi mkubwa. Lakini mwaka 1910 mwanawe mkubwa alipokuja, maofisa walipata tofauti kati ya majibu ya mtoto na majibu ya baba, wakamrudisha Uchina. Baba aliyeishinda serikali mbele ya majaji hakuweza kuwashinda makarani wake.

Kati ya matukio hayo mawili, tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la ardhi liliipiga San Francisco, na moto uliofuata ukateketeza vitabu vya kuandikia vizazi. Tangu siku hiyo Mchina yeyote aliweza kudai kwamba alizaliwa mjini humo, wala hapakuwa na hati ya kumpinga. Raia wa namna hiyo alipotoka Uchina alisema ameacha huko watoto kadhaa wa kiume, hata kama hakuacha. Nafasi za watoto hao ziliuzwa au zilipewa jamaa, na vijana waliozitumia wakaitwa wana wa karatasi. Kijana wa ukoo mmoja aliondoka kwao, na melini akawa mtu wa ukoo mwingine, mwenye baba mpya, mama mpya na kijiji kipya.

Serikali ilijua hila hiyo, ikajenga kituo cha mahojiano katika Angel Island, kisiwa cha ghuba ya San Francisco, kilichotumika tangu mwaka 1910 hadi 1940. Huko kijana aliulizwa mamia ya maswali. Nyumba yenu ni ya ngapi katika safu? Kisima kiko upande gani? Nani akaa nyumba ya tatu? Pipa la mchele huwekwa wapi? Kisha yule aliyeitwa baba yake aliulizwa yale yale, na majibu yakalinganishwa. Kwa sababu hiyo kijana alikariri kitabu kizima cha maswali na majibu, na kitabu chenyewe akakitupa baharini kabla ya kushuka. Wengine walingoja kisiwani wiki kadhaa, wengine miezi mingi, na wenye elimu wakachonga mashairi ya majonzi katika kuta za mbao. Palipotokea swali lisilotazamiwa, msaada ulitoka jikoni: wapishi wa Kichina wa kituo, wakienda mjini siku za mapumziko, walirudi na karatasi ndogo za maelezo wakazifikisha kwa siri kwa waliofungwa. Hata maneno ya kumwokoa kijana yalipitia mikononi mwa mpishi.

Haifai kudhani kwamba watu hao walikuwa waongo kwa tabia, au kwamba walikubali kila waliloletewa. Katika mji wa Butte, Montana, mji wa machimbo ya shaba, vyama vya wafanyakazi viliwasusia Wachina mwaka 1896 na 1897. Viliwakataza watu wasile katika mikahawa yao, wasiwape nguo kufua, wala wasiwaajiri. Wachina hawakukimbia. Walichanga fedha, wakamshika wakili, wakaenda mahakamani, na mahakama ikaamuru kususiwa kwao kukome. Katika mji huo huo, mwaka 1911, ulifunguliwa mkahawa uitwao Pekin Noodle Parlor, ghorofani, ambapo wageni huketi katika vijumba vidogo vilivyotengwa kwa mbao. Machimbo yalipungua, na Wachina wengi wakahama, lakini mkahawa uliendelea mikononi mwa jamaa ile ile. Baba aliyeuongoza kwa miaka mingi alifariki mwaka 2020, na mwanawe akaushika. Mwaka 2023 ulipewa tuzo ya James Beard, ambayo ni heshima kubwa kwa mikahawa ya Marekani. Palipowahi kukatazwa kuliwa, watu sasa husafiri mbali kwenda kula.

Hata hivyo tuzo na hukumu ni mambo ya nadra. Maisha ya kila siku ya mkahawa wa jamaa yalikuwa ya namna moja karibu kila mji, na yanajulikana kwa sababu watoto wameyasimulia. Baba aliamka mapema kwenda kununua mboga na kuku. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kukata vitunguu ndoo nzima. Alisimama mbele ya karai la chuma hadi usiku wa manane, siku sita za juma na pengine saba, na mikono yake ilijaa makovu ya mafuta ya moto. Mama, ikiwa sheria ilimruhusu kufika, alikaa nyuma akikunja maandazi ya nyama na kuhesabu fedha. Watoto walirudi shule wakaketi katika meza ya pembeni, daftari upande huu na kamba wa kumenywa upande huu. Aliyejua Kiingereza vizuri ndiye aliyepokea simu na kumsomea baba barua za serikali, hata kama alikuwa na umri wa miaka tisa.

Humo humo mlikuwa na majiko mawili, ingawa moto ulikuwa mmoja. Jiko la kwanza lilipika kwa ajili ya wageni: chop suey, tambi za kukaanga, kiwanda cha mayai chenye mchuzi mzito, vitu vitamu ambavyo wageni walivitaka na ambavyo kijiji cha baba hakikuvijua. Jiko la pili liliwashwa wageni walipokwisha kuondoka. Jamaa waliketi pamoja, wakala samaki wa chumvi waliopikwa kwa mvuke, mboga chungu, supu ya mifupa na wali mweupe. Wako waliokidharau chakula cha wageni, wakasema kwamba si cha Kichina hasa. Hao wamesahau hali ya mpishi. Mtu aliyeulizwa bandarini akatoa majibu yaliyotakiwa alifanya vivyo hivyo mezani: aliwapa wenyeji kile walichotaka kukiona kwake. Kweli yake aliitunza kwa chakula cha usiku.

Watoto waliila kweli hiyo, lakini hawakuelezwa. Mwaka 1943, Uchina na Marekani zikiwa upande mmoja vitani, marufuku iliondolewa, na Wachina wakapewa nafasi 105 tu kwa mwaka pamoja na ruhusa ya kuwa raia. Sheria za mwaka 1945 na 1946 ziliwafungulia wake wengi njia, na mikahawa iliyokuwa ya wanaume watupu ikawa ya jamaa kamili. Lakini jina la karatasi liliendelea kuwa hatari. Mwaka 1956 serikali ilianzisha mpango wa kukiri: aliyesema jina lake la kweli huenda angesamehewa, lakini sharti awataje na wengine wa ukoo wa karatasi. Zaidi ya watu 13,000 walikiri. Waliobaki walinyamaza, kwa kuwa kukiri kwa mmoja kuliweza kumfukuzisha mwingine. Baba wa namna hiyo hakuweza kumwambia mwanawe jina la ukoo, maana mtoto husema shuleni. Kwa hiyo alipoulizwa habari za kwao alijibu kwa kusukuma bakuli mbele na kumwambia ale.

Wengi wa watoto hao walikua na uchungu. Walimwona baba kuwa mkali, mchache wa maneno, mtu aliyejua bei ya kabichi lakini hakujua darasa lao. Walifanya kazi bila mshahara, na wengine waliona haya kunuka mafuta mbele ya wenzao. Malalamiko hayo ni ya haki, wala hayafai kufutwa kwa kuwa baba aliteseka. Kumbukumbu nayo ina makosa yake. Huchanganya miaka, na huongeza alichotamani mtu kuliko alichokiona. Lakini kumbukumbu hiyo yenye manung'uniko ina jambo ambalo jalada halina. Katika kila lalamiko imo mikono ya baba ikifanya kazi. Anayesema kwamba baba hakuwa na nafasi ya kumtazama kwa sababu alikuwa jikoni tangu asubuhi hata usiku, ametoa ushahidi ambao mashahidi wawili wa mwaka 1893 walikatazwa kuutoa.

Mchumia juani hulia kivulini, lakini katika nyumba hizo aliyechuma juani alikuwa mmoja, na aliyekula kivulini mwingine. Baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 kuondoa ubaguzi wa kabila, wahamiaji wapya walikuja kwa wingi, na leo mikahawa ya Kichina katika Marekani huhesabiwa kuwa zaidi ya 40,000. Wakati huo huo milango mingi ya zamani inafungwa, si kwa kukosa wageni, bali kwa sababu watoto wamekuwa waganga, mawakili na walimu, wala hawarudi kushika karai. Baba hakuliona jambo hilo kuwa msiba. Alisimama mbele ya moto ili mtoto asisimame hapo. Mkahawa unaofungwa kwa sababu hiyo umemaliza kazi uliyofunguliwa.

Kwa mwanahistoria kazi haijaisha. Jalada la San Bruno lisitupwe. Lisomwe kama ushahidi wa kile ambacho serikali ilimlazimisha mtu kusema. Na maneno ya watoto yasiwekwe kando kama mapambo. Yaandikwe mapema, maana wanaoyajua nao wanazeeka. Yakiwekwa pamoja, lile linaonyesha kamba na haya yanaonyesha mguu uliofungwa.

Wako baba waliotoa jibu lao wenyewe mwishoni. Katika makaburi ya Wachina wa Marekani yapo mawe yenye majina mawili. Kwa herufi za Kiingereza limeandikwa jina la karatasi, lile lililojulikana kwa serikali, kwa benki na kwa wageni wa mkahawa. Kando yake, kwa herufi za Kichina ambazo afisa hakuweza kuzisoma, umeandikwa ukoo wa kweli. Jina jema hungara gizani, walisema wazee. Hilo lilikaa gizani miaka hamsini au sitini, na mara nyingi mtoto aliyesimama mbele ya jiwe, asiyeweza kusoma Kichina, alihitaji mtu wa kumsomea jina lake mwenyewe.